Uzi Juu ya Sindano

Nateete, Kampala
12 Januari 2023

Dada Kaltumi wa Arua,

Bwana Yesu asifiwe. Najua ninyi hamsalimiani hivyo, basi pokea na asalaam aleikum, nisikose kotekote.

Mimi ndiye Kavugho ambaye Joska Aber amempanga na wewe katika kubadilishana zawadi za kundi letu la simu, Mikono Yetu. Nilipoona jina lako nilifurahi sana, maana picha za mashuka yako nimezitazama mpaka simu ikazimika. Humu ndani kuna mkoba wa kitenge wa kuwekea nyuzi na sindano. Mifuko ni kumi na miwili. Ule wa kona umekaa upande kidogo. Niliufumua mara mbili, mara ya tatu nikasema Mungu atanisamehe, na Dada Kaltumi naye atanisamehe.

Joska anataka tujitambulishe kwa barua ya mkono, basi najitambulisha. Nina miaka arobaini na tisa. Nilizaliwa Butembo, Kongo. Vita vilinileta huku mwaka 2008, mume wangu nikamwacha kaburini. Nashona nguo kwenye baraza la duka karibu na steji ya teksi, na kanisani naongoza maombi ya kina mama. Nina mtoto mmoja tu, binti. Yuko Nairobi masomoni. Mungu ni mwema.

Nasubiri zawadi yako kama mtoto anavyosubiri Noeli.

Dada yako katika sindano,
Kavugho


Arua
21 Januari 2023

Mdogo wangu Kavugho,

Waaleikum salaam. Mkoba umefika salama na basi la Jumatano. Wallahi, mifuko hiyo! Mke wa mwanangu alipoufungua aliushika muda mrefu, akapitisha kidole kwenye kila mfuko, hata ule wako wa kona. Nikamwambia, "We binti, huo ni wangu, usianze kuuzoea."

Nami nakutumia shuka moja na foronya mbili. Maua ni mekundu, mashina ya kijani, kama tunavyowashonea maharusi sisi Wanubi. Nimezishona kwa mkono wangu mwenyewe, wiki tano. Hakuna aliyenisaidia hata ua moja, maana sheria ya Joska unaijua. Yule mama wa Lira alinunua kitambaa sokoni akasema ni chake, akatolewa kwenye kundi na picha yake ikazunguka kwenye simu za watu.

Usishangae herufi zangu ni kubwa. Macho yangu yana ukungu, daktari anasema ni mtoto wa jicho. Kalamu naiweza, simu ndiyo imenishinda. Anaishika huyo mke wa mwanangu. Ndiye anayepiga picha, na mambo ya kundi ndiye anayenisomea. Ana mimba ya miezi saba. Ni yatima wa watu, lakini kwangu Mungu amenipa binti, alhamdulillahi.

Lala vizuri juu ya maua.

Kaltumi


Nateete
29 Januari 2023

Dada Kaltumi,

Shuka limefika. Ni zuri kuliko nilivyostahili. Picha nimeiweka kwenye kundi na Joska amepiga vigelegele.

Lakini sisi mafundi tuna tabia moja, kitambaa tunakigeuza kwanza, tunakitazama mgongoni. Nimekigeuza. Dada yangu, tangu siku ile sijalala vizuri, si juu ya maua wala juu ya mkeka.

Mashina yako hayakusokotwa kama ya watu wengine. Kila fundi ninayemjua huacha uzi chini ya sindano, na shina hulalia upande mmoja. Wewe umeweka uzi juu ya sindano, katika kila shina, bila kukosea, na yote yamelalia upande wa pili. Na mgongoni hakuna fundo hata moja. Kila uzi umefichwa chini ya jani la ua kwa kupitishwa mara tatu. Si mara mbili. Tatu.

Mikono inayoshona hivyo naijua miwili tu duniani. Mmoja unaficha uzi mara tatu, na huo ni wangu. Wa pili unaficha mara tatu na tena unageuza shina.

Nikasoma tena barua yako. Unasema macho yana ukungu, herufi za simu huzioni. Kushona huku kunaonekana vipi kwa jicho lenye ukungu?

Usikasirike. Sitafuti kosa lako, na Joska hatasikia neno kutoka kwangu. Niambie tu ni nani aliyeshona shuka hili.

Kavugho


Arua
4 Februari 2023

Kavugho,

Nilidhani nimepata ndugu, kumbe nimepata polisi.

Shuka nimelishona mimi. Mkono wangu unajua njia hata jicho lisipoona. Nilifundishwa na mama yangu, yeye alifundishwa na mama yake, na sisi hatukuja kwa Wakongo kuuliza uzi ukae juu au ukae chini. Hata wewe ulisema mfuko wa kona uko upande. Mimi nilikuuliza kwa nini?

Naomba yaishie hapa. Zawadi imetolewa, zawadi imepokelewa, tumeshukuriana.

Kaltumi binti Abudu


Nateete
10 Februari 2023

Dada Kaltumi,

Umetoka kwenye kundi. Namba yako haipatikani. Kwa hiyo nakuandikia tena, na barua hii nampa karani wa mizigo mkononi, nikimwomba akupe wewe, si mtu mwingine.

Nilikudanganya. Binti yangu hayuko Nairobi. Sijui yuko wapi. Aliondoka nyumbani Novemba 2020, na tangu siku hiyo sijamwona wala kusikia sauti yake. Anaitwa Exaucée. Kwa Kifaransa maana yake ni yule ambaye maombi yake yamesikiwa, kwa sababu kabla yake nilizika watoto wawili.

Alikuwa anaosha vyombo katika mkahawa mmoja wa Kabalagala. Huko akajuana na kijana dereva, Mwislamu, anayepakia samaki Ggaba na kuwapeleka kaskazini. Jina lake sikutaka hata kulisikia. Tulikosana. Akaondoka.

Sasa nikueleze kwa nini nasema mkono ule ni wake. Tulipofika Kampala tulikuwa na fremu moja na kitambaa kimoja. Nilimfundisha tumekaa tukitazamana, mimi upande huu, yeye upande ule, magoti yanagusana. Akaiga mkono wangu kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Uzi niliouweka chini, upande wangu, yeye kwa upande wake aliuona uko juu. Nilipokuja kugundua, mkono ulikuwa umeshazoea. Nilicheka, nikamwacha. Kosa hilo nililifanya mimi, na nililifanya kwa mtoto mmoja tu.

Huyo mke wa mwanao, yatima unayesema, anaitwa nani? Ana kovu dogo chini ya kidevu? Aliangukia ndoo.

Usiponijibu, tarehe ishirini napanda basi nakuja Arua. Nitauliza nyumba kwa nyumba.

Kavugho


Arua
15 Februari 2023

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako chooni, karatasi puani, mlango nimefunga, kama mwizi. Kovu lipo.

Basi nami niseme ukweli. Tangu mwaka juzi siwezi kupitisha uzi kwenye sindano. Miaka arobaini nimejulikana Arua kwa mashuka, kila harusi ni mimi, na sikutaka watu waanze kusema kwamba Kaltumi amekwisha. Huyu mtoto akaniambia, "Mama, wewe chora maua, mimi nitashona, nani atajua?" Ndivyo tulivyoishi. Hilo ndilo nililokuficha. Niliona unakuja kunivua nguo mbele ya kundi.

Kwetu anaitwa Shamirah. Mwanangu Siraje alimleta kwa heshima, wakafunga ndoa mbele ya sheikh. Tukamwuliza, wazazi wako wako wapi? Akasema baba alikufa Kongo, mama alikufa Kampala kwa ugonjwa wa kifua. Subhanallah, Kavugho, mwezi wa Ramadhani uliopita tulikufanyia karama ya marehemu! Mwanangu alinunua mbuzi, masheikh wakaja, tukakusomea dua, tukala. Kila Ijumaa namwomba Mungu akupunguzie giza la kaburi. Na wewe uko Nateete unashona mikoba.

Sasa sikiliza, nakupigia magoti. Usije. Mimba ni ya miezi minane na presha yake imepanda. Miguu imevimba mpaka viatu vya Siraje ndivyo anavyovaa. Wametuambia hospitalini asishtuliwe na asipandishwe hasira. Siraje hajui kwamba mkewe alidanganya. Ukitokea mlangoni mwangu, maiti niliyoisomea dua, nani ataanguka kwanza?

Juzi nilimwuliza kama mzaha tu, "Shamirah, nani alikufundisha kupitisha uzi mara tatu?" Akasema, "Marehemu mama." Kisha akatoka nje, akakaa jikoni mpaka moto ukazimika.

Nami nina swali. Mtoto huyu ana adabu, anaswali, ananiosha miguu. Hajanidanganya hata kwa chumvi. Ulimfanyia nini mpaka akaona afadhali uwe umekufa?

Kaltumi


Nateete
18 Februari 2023

Dada Kaltumi,

Swali lako nimekaa nalo siku nzima na cherehani imefungwa. Wateja wamekuja wamerudi.

Nilikuandikia kwamba tulikosana. Hilo ni neno la mtu anayejificha. Alikuja kutoka kazini, akapiga magoti, akasema, "Mama, kuna mtu anataka kuja kukuona, nisikilize kwanza." Sikumsikiliza, habari za yule kijana watu walikuwa wameshaniletea. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilichukua begi lake nikaliweka nje, nikamwambia hivi, maneno haya haya: "Nenda. Na huko unakokwenda, wakikuuliza, sema mama yako amekufa."

Hakukudanganya, dada yangu. Mimi ndiye niliyemwambia aseme.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Mungu amemfungulia Exaucée nafasi ya masomo Nairobi. Wakapiga makofi. Mpaka leo kina mama wanafunga na kuombea mitihani yake, na mimi ndiye ninayewaongoza. Huku wanaombea mitihani, huko mnaombea kaburi, na Mungu huyo mmoja anatusikia wote. Naona aibu kupiga magoti.

Sitakuja. Tiketi nimeirudisha. Nakuomba neno moja tu siku atakapojifungua, niandikie "mzima". Hata usiseme nani.

Kavugho


Nateete
13 Machi 2023

Dada Kaltumi,

Wiki tatu hakuna neno. Kila basi la Arua likiingia niko pale ofisini. Karani ameshachoka, jana amenipigia kelele tangu ng'ambo ya barabara, "Mama Arua, leo pia hakuna!" Watu wakacheka.

Kama ni mzima, andika. Kama si mzima, andika.

Kavugho


Arua
26 Machi 2023

Mama,

Ni mimi.

Nilijifungua tarehe nane, kwa kupasuliwa. Presha ilikuwa imepanda sana. Siku mbili sikujua niko wapi. Mtoto ni wa kike, mzima, ana kelele. Jina lake sikuandikii leo.

Mama Kaltumi hakukuandikia kwa sababu alikuwa hospitalini na mimi, analala chini. Tuliporudi nyumbani akanipa barua zako zote pamoja, akasema, "Nimeficha mpaka nimechoka, soma mwenyewe." Nimesoma.

Sasa nikuambie kitu ambacho yeye alikuwa hakijui. Siku Joska alipotuma majina, simu ilikuwa mkononi mwangu. Nililiona jina lako. Kina Kavugho ni wengi, lakini picha ilikuwa yako, umesimama mbele ya cherehani na lile gauni la bluu. Ningeweza kumwambia Joska abadilishe. Sikumwambia.

Na kushona kinyume niliacha zamani. Mwaka ule wa kwanza Mama Kaltumi alinikalisha kando yake, bega kwa bega, akanionyesha uzi chini ya sindano. Mashuka yote uliyoyaona kwenye picha yameshonwa hivyo, nenda katazame. La kwako tu ndilo nililolishona kwa ule mkono wa zamani. Wiki tano. Nilitaka ujue niko hai, kisha nione utafanya nini.

Na ulifanya nini? Ulimtisha mama mzee asiyeona vizuri. Ukasema unakuja kuuliza nyumba kwa nyumba, kama mtu anayetafuta mbuzi wake aliyepotea. Nilipofika hapo niliikunja barua, nikasema hajabadilika. Kisha nikasoma ile ya tarehe kumi na nane.

Siraje nimemweleza mwenyewe. Aliondoka, akarudi baada ya swala ya alasiri, akaniuliza, "Huyo mama yako anakula nyama ya mbuzi? Maana wa karama yake tulimla bila yeye." Ndivyo alivyo. Ndiye huyo ambaye hukutaka kulisikia jina lake.

Usiniandikie samahani, sitaki kuisoma kwenye karatasi. Pale pale uliposimama ukasema niko Nairobi, simama tena. Useme niko Arua, niliolewa na nani, na nani alinitoa nje na begi. Useme kwa mdomo wako, si kupitia mchungaji. Ukishindwa, sitakulaumu, lakini tubaki hivi hivi, wewe na mitihani yangu, mimi na kaburi lako.

Shamirah


Nateete, Kampala
3 Aprili 2023

Shamirah,

Naandika jina hili kwa mara ya kwanza. Mkono umesita, lakini umeandika.

Jana ilikuwa Jumapili ya Matawi, kanisa limejaa mpaka nje. Nilimwomba mchungaji nafasi ya ushuhuda. Akanipa, akidhani nina habari za matokeo yako. Nilikuwa nimejiandikia maneno kwenye karatasi, lakini miwani ilijaa machozi na jasho, sikuona kitu. Basi nikasema tu.

Nikasema, "Exaucée hajawahi kufika Nairobi. Nilimtoa nje kwenye mvua nikamwambia aseme nimekufa. Ameolewa Arua na Siraje, Mwislamu, dereva wa samaki, na wamezaa mtoto. Mmeomba miaka miwili kwa ajili ya uongo wangu."

Mchungaji akashika kipaza sauti, akasema kwa upole, "Mama, mengine tutayamalizia ofisini." Nikamwambia, "Hapana, baba. Sikudanganyia ofisini, nilidanganyia hapa."

Kisha Mama Gradi, unamjua alivyo, akasema kwa sauti kutoka benchi la nyuma, "Kwa hiyo zile siku tatu bila chakula, tulifungia mtihani gani?" Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, na Blandine wa maombi akaja akasimama kando yangu.

Si wote waliocheka. Wengine wamepita kwenye baraza langu leo asubuhi bila kunisalimu. Wazee wa kanisa wamenipumzisha kuongoza kina mama, hawakusema mpaka lini. Ni haki yao. Nimerudisha ufunguo wa chumba cha maombi.

Ulisema nisikuandikie samahani, sikuiandika. Ninayo. Haitoshi kwenye karatasi.

Mama Kaltumi nimemwandikia barua yake peke yake, kumwomba radhi kwa vitisho vyangu na kumshukuru kwa sakafu aliyoilalia hospitalini. Mahali pale palikuwa pangu. Siraje nitamsalimu kwa jina, siku nikiruhusiwa kumsalimu.

Sitapanda basi mpaka uniambie. Ukisema mwezi ujao, ni mwezi ujao. Ukisema bado, nitaendelea kwenda kwa karani, amenizoea sasa, amenipa na kiti.

Mama yako,
Kavugho


Arua
9 Aprili 2023

Mama,

Njoo Jumamosi, basi la alfajiri. Siraje atakupokea stendi, ni mrefu, atavaa kanzu.

Ukifika usipige hodi kwa nguvu, mtoto hulala mchana. Wote hapa wamefunga Ramadhani. Mimi nanyonyesha, sifungi. Chakula cha mchana tutakula wawili.

Shamirah